Uaminifu Haumo Katika Maneno: Kisa cha Chepeo Iliyoliwa na Farasi

Liko neno lililozoeleka vinywani mwa wapenzi wa fasihi, nalo hutamkwa kwa yakini kana kwamba ni hukumu ya kadhi: filamu iliyotokana na tamthilia huwa njema kwa kadiri ilivyoyahifadhi maneno ya tamthilia hiyo, na huwa mbovu kwa kadiri ilivyoyapunguza. Kwa neno hilohilo huhukumiwa sisi wafasiri. Tukifasiri neno kwa neno huitwa waaminifu. Tukithubutu kugeuza, huitwa wahaini. Mimi nasema neno hilo ni la uvivu, na limeua vichekesho vingi kuliko walivyoviua waigizaji wabovu. Nitamleta shahidi mmoja, naye ni farasi wa Paris aliyekula chepeo.

Tarehe 14 Agosti 1851, katika ukumbi wa Paris unaojulikana leo kwa jina la Palais-Royal, kilionyeshwa kwa mara ya kwanza kichekesho cha sehemu tano kiitwacho Un chapeau de paille d'Italie. Waliokitunga ni Eugène Labiche na mwenzake Marc-Michel. Kisa chenyewe ni hiki. Bwana Fadinard anarudi nyumbani asubuhi ya siku ya arusi yake. Katika msitu wa Vincennes farasi wake anaiona chepeo imetundikwa mtini, anaitafuna. Mwenye chepeo ni Bi Anaïs, mke wa mtu, naye yumo msituni humo pamoja na mwanajeshi ambaye si mumewe. Sasa atarudije nyumbani bila ya chepeo, na mumewe, Bwana Beauperthuis, ni mtu wa wivu? Basi yeye na mwanajeshi wake wanamfuata Fadinard mpaka kwake, wanajikita ndani, na wanaapa kuwa hawatoki mpaka iletwe chepeo nyingine iliyo sawasawa na ile.

Fadinard anatoka mbio kuitafuta. Nyuma yake, katika magari manane ya farasi, unamfuata msafara mzima wa arusi usiojua lolote. Akiingia dukani kwa muuza kofia, wageni wanadhani wamefika mahali pa kufungia ndoa. Akiingia katika jumba la mwanamke wa kikabaila, wanadhani ndiyo hoteli ya karamu, wanakaa na kula. Mwishowe anaelekezwa kwa bwana mmoja ambaye mkewe anayo chepeo ya namna hiyohiyo. Anamkuta ameloweka miguu katika beseni la maji, na hatimaye inambainikia kwamba bwana huyo ndiye mume, na kwamba chepeo anayoihangaikia ndiyo ileile iliyokwisha liwa. Na kumbe tangu sehemu ya kwanza, mzee mmoja kiziwi wa upande wa bibi arusi, jina lake Vézinet, alikwisha leta zawadi yake ndani ya boksi, nayo ni chepeo ya Italia. Siku nzima dawa ilikuwa nyumbani.

Nianze na jina la kazi yenyewe. Mwenye kufuata kamusi ataandika "Kofia ya Majani Makavu ya Italia", na msomaji wa pwani atajiuliza kama anaambiwa habari ya kofia au ya paa la banda. Sisi tunalo neno chepeo, tulilolipokea kwa Wareno, ambalo ni ndugu wa chapeau ya Wafaransa. Tena tunalo neno ukili, yaani ule msuko mwembamba ushonwao mzunguko kwa mzunguko. Wao Waitalia husuka mabua ya ngano, sisi twasuka miyaa. Lakini msuko ni msuko na mshono ni mshono. Aandikaye "Chepeo ya Ukili ya Italia" ameliacha neno la kamusi akakishika kitu. Anikubaliaye katika jina itambidi anikubalie na katika yatakayofuata.

Vichekesho vya namna hii Wafaransa waliviita vaudeville. Havikuwa mazungumzo matupu. Waigizaji walikatiza maneno yao ili waimbe beti fupi, beti mpya zilizotiwa katika mahadhi ya nyimbo ambazo watazamaji walizijua zamani. Jambo hili halitamshangaza msikilizaji wa taarabu, aliyekwisha kuyasikia mashairi ya Kiswahili yakivishwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Labiche alishiriki kutunga tamthilia zaidi ya 170, nyingi pamoja na wenzake, na mwaka 1880 akachaguliwa kuingia katika Akademia ya Ufaransa, wakashangaa wale waliodhani kwamba kuchekesha ni kazi ya kibarua.

Basi nauliza: katika kichekesho hiki chenye maneno mengi na nyimbo nyingi, ni kitu gani kinachokisimamisha? Wanaohesabu maneno watajibu kuwa ni maneno. Mimi najibu kuwa ni mizani, na neno hili nalitumia kwa maana yetu sisi watunzi. Tazama: Fadinard anafika mahali, anaomba chepeo, msafara unamwingilia, wageni wanapadhania si penyewe, wanavuruga mambo, anakimbia nao wanamfuata. Huo ni ubeti mmoja. Kisha ubeti wa pili unakuja kwa vina vilevile, mahali pengine. Baba mkwe Nonancourt, mkuza miche wa shamba, anazunguka na mmea wake katika chungu, viatu vipya vimembana, na kila anapoudhika anatangaza kwamba arusi imevunjika. Tangazo hilo hurudi na kurudi. Lingeitwa nini katika arudhi yetu kama si kipokeo? Na chepeo iliyoletwa mwanzoni na mzee kiziwi, ikaja kugunduliwa mwishoni, je, si kina cha kwanza kilichosubiri mwenziwe wa mwisho?

Mwanafalsafa Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko kilichotoka mwaka 1900, alikitaja kichekesho hiki alipokuwa akieleza kwamba twacheka pale maisha ya binadamu yanapokwenda kama mtambo, na pale mbio ndefu zinapomrudisha mtu palepale alipoanzia. Mwalimu yeyote wa tarbia angemwelewa. Ubeti uliopungua mizani moja huchechemea, na msikilizaji hulijua hilo hata kama hajui kuhesabu. Kichekesho nacho ni hivyo: chelewesha mlango mmoja kufunguliwa, na kicheko kimekufa. Kwa hiyo wanaokidharau kichekesho wakakiita upuuzi, huku wakiusifu ushairi kwa nidhamu yake, wanaisifu nidhamu wasiyoitambua inapobadili mavazi.

Sasa tuje kwenye filamu. Mwaka 1928 wakazi wa Paris walionyeshwa kazi ya René Clair, kijana aliyezaliwa mjini humo mwaka 1898, aliyekigeuza kichekesho cha Labiche kuwa filamu. Na filamu yenyewe ilikuwa bubu! Fikiri, ndugu msomaji. Tamthilia ya mazungumzo na nyimbo imekabidhiwa kwa chombo kisicho na sauti. Kwa sheria ya wahesabu maneno, maiti hii ilipaswa kuzikwa kabla ya kuoshwa. Clair angeweza kujitetea kwa kuijaza filamu vibao vya maandishi, kila pumzi mbili kibao, ili mtazamaji asome asichoweza kukisikia. Hakufanya hivyo. Vibao alivyotumia ni vichache.

Alilofanya ni hili. Hakuuliza neno hili litasemwaje bila ya sauti. Aliuliza neno hili lilikuwa likifanya kazi gani, kisha kazi hiyo akaikabidhi kwa kitu kinachoonekana. Kila mgeni wa arusi akapewa kitu chake cha kumsumbua siku nzima. Binamu amepoteza glavu moja. Bibi arusi ameingiwa na pini mgongoni. Baba mkwe viatu vinambana. Mzee kiziwi pembe yake ya kusikilizia imeziba. Vitu hivi vinarudi kwa zamu, kimoja baada ya kingine, kama vina vinavyorudi katika ubeti, na mtazamaji anavingoja kama anavyongoja kina.

Liangalie tukio la kufunga ndoa mbele ya meya. Meya anahutubia. Hatusikii analolisema, wala hakuna kibao cha kutuambia, wala hatuna haja nacho, kwa sababu hotuba za namna hiyo twazijua. Mke mmoja anamwashiria mumewe kwamba tai imemlegea. Mume haelewi. Mke anarudia ishara, na kila mwanamume anayeiona anadhani anaambiwa yeye, anashika tai yake, mpaka meya mwenyewe anakatiza ufasaha wake ajikague shingoni. Ni tukio lisilo na neno hata moja, na limesema juu ya hotuba za serikali, juu ya ndoa, na juu ya hofu ya mtu kuaibika mbele za watu, kuliko ambavyo zingesema kurasa tatu za mazungumzo. Je, huu ni uhaini kwa Labiche? Labiche aliishi kwa kuchekesha hofu hiyohiyo.

Mtazame na mzee kiziwi. Jukwaani anachekesha kwa kuwa anajibu asichoulizwa, yaani kichekesho chake kimo ndani ya maneno. Katika filamu bubu hakuna anayesikika, sisi watazamaji ndio viziwi, naye mzee anakuwa ndugu yetu wa pekee ukumbini. Kilichoonekana kuwa hasara Clair amekigeuza kuwa faida, kama mshairi anayebanwa na kina kigumu akaangukia neno asilolitarajia lililo bora kuliko alilokuwa akilitafuta.

Jambo jingine litawakera zaidi walinzi wa maneno. Clair alikihamisha kisa kutoka katikati ya karne ya 19 akakiweka mwaka 1895. Mwaka huo si wa bahati nasibu. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière waliwaonyesha picha zitembeazo watazamaji waliolipa kiingilio. Kwa watu wa 1928, mavazi ya 1851 yalikuwa historia. Mavazi ya 1895 yalikuwa picha za arusi za wazazi wao zilizotundikwa ukutani. Mtu humcheka zaidi anayemfahamu. Na Fadinard anapomsimulia mume mwenye miguu majini mkasa wa msituni, Clair anatuonyesha masimulizi hayo kwa mtindo wa maigizo ya kizamani, mikono imetupwa hewani na macho yametolewa. Hapo ametuonyesha kwa kejeli jinsi jukwaa linavyokuwa likihamishwa zima zima kwenye filamu.

Lakini jihadhari, ndugu msomaji, usidhani ninatoa ruhusa ya kila mtu kufanya apendavyo. Clair alitupa maneno, hakutupa mizani. Chepeo inaliwa mwanzo, msafara unafuata, zawadi imefichika ndani ya boksi, dawa iko nyumbani. Hayo hakuyagusa, maana alijua kwamba akiyagusa jengo linaanguka. Yuko mgeuzaji wa aina nyingine, anayeyashika maneno yote kisha akalegeza mwendo ili ayatolee pumzi, na yuko anayeongeza mizaha yake mwenyewe kila palipo na nafasi. Wote wawili wamekosea mahali pamoja: hawakuhesabu.

Najua nitajibiwa. Mtu atasema: Labiche amekubali kunyamazishwa, lakini Georges Feydeau je, ambaye kicheko chake kimo katika ugomvi wa mdomo? Pingamizi ni la haki. Tuchukue On purge bébé, kichekesho cha Feydeau cha mwaka 1910, ambacho Jean Renoir alikifanya kuwa filamu yake ya kwanza yenye sauti mwaka 1931. Bwana Follavoine, mtengenezaji wa vyombo vya kauri, anataraji kuliuzia jeshi la Ufaransa vyombo vya kujisaidia usiku anavyodai havivunjiki, huku mkewe akihangaika kumnywesha mtoto dawa ya kuharisha. Renoir aliipiga picha kazi hii kwa haraka, na mazungumzo ya Feydeau yamo tele ndani yake. Hapo maneno yamehifadhiwa, nakiri. Hata hivyo, katika filamu hiyo jambo linalotajwa mara kwa mara ni mngurumo wa maji ya choo, ambao Renoir aliurekodi kwa choo cha kweli. Sauti hiyo si neno la mtu yeyote. Kila chombo kina njia yake ya kuchekesha, na hata aliyeyashika maneno ilimbidi atafute kile ambacho chombo chake kipya kinakiweza.

Tena ndani ya Feydeau huyohuyo limo fumbo linalowashinda wahesabu maneno. Mtoto amemwuliza baba yake viliko visiwa vya Hebrides. Baba anafungua kamusi kwenye herufi Z, kwa kuwa katika matamshi ya Kifaransa neno linalotangulia jina hilo huliazima sauti ya z. Mama anashika njia yake, anatafuta kwenye E, kwa kuwa herufi ya kwanza haitamkwi. Fasiri hayo neno kwa neno, na Mswahili atamwona baba huyo kuwa si mjinga bali mwendawazimu, na kicheko hakipo. Nini la kufanya? Kuandika maelezo chini ya ukurasa? Jukwaa halina chini ya ukurasa. Mimi ningemfanya mtoto aulize nyuta ni kitu gani. Baba afungue N, asilione. Mama amcheke, aseme kwamba bibi yake alikuwa akisema mata, afungue M, naye asilione. Na neno limelala kwenye U, uta, likiwangoja wote wawili. Hebrides zimezama baharini, ndiyo. Lakini wazazi wawili wanaobishana mbele ya kamusi kwa lugha wanayodhani wanaijua wamefika salama. Kipi ndicho alichotunga Feydeau: visiwa, au wazazi?

Kifaransa nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na subira, na sina shahada ya kunilinda. Mchapishaji mmoja aliwahi kunirudishia tafsiri ya kichekesho kifupi, pembeni amejaza wino mwekundu kila nilipogeuza fumbo: halimo katika asili, halimo katika asili. Nilizipekua kurasa zote. Hakuna hata mahali pamoja alipoandika kama alicheka au hakucheka. Ndipo nilipofahamu kwamba twabishana juu ya bidhaa mbili tofauti. Yeye alitaka orodha ya maneno. Mimi nilitaka watu wazima mia mbili ukumbini washikilie mbavu.

Wala jambo hili si la wafasiri peke yetu. Tumejiaminisha kwamba kicheko hukaa katika maneno, kwa hiyo vichekesho vingi tunavyoonyeshwa leo kwenye televisheni na simu vinaishi kwa lafudhi ya mtu wa bara, kwa suruali iliyopanda mpaka kifuani, na kwa tusi lililofichwa nusu. Anachekwa mtu kwa alivyo, hachekwi kwa aliyoyafanya na yaliyomrudia. Kicheko cha namna hiyo hakihitaji kuandikwa, ndiyo maana hakiandikwi; na kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakirithiwi na wajao. Waigizaji wetu wana vipaji ambavyo Labiche angevigombania. Walichokosa ni mtunzi aliyekaa chini akapanga mlango upi ufunguke lini.

Chepeo ya Labiche haikukwama Paris wala haikukwama katika karne yake. Mwaka 1936 Orson Welles aliiigiza upya mjini New York, kwa Kiingereza. Mwaka 1955 Nino Rota aliionyesha Palermo ikiwa opera, nyimbo zikarudi kwa Kiitaliano, mahadhi mengine kabisa. Clair aliyenyamazisha na Rota aliyeimbisha wanaonekana kuwa mahasimu, na wote wawili walikuwa waaminifu, kwa kuwa wote walishika kitu kimoja. Na René Clair, mhaini wa maneno, mwaka 1960 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Ufaransa, nyumba ileile ya walinzi wa lugha iliyompokea Labiche miaka 80 kabla yake. Waliolinda maneno ya Kifaransa kwa kazi yao hawakumwona kuwa adui. Itakuwaje sisi tuwe wakali kuliko wenye mali?

Enyi wahakiki, mtakapoketi tena kuihukumu filamu iliyotoka jukwaani, au tafsiri iliyovuka bahari, msianze kwa kulinganisha kurasa. Ulizeni kwanza: katika asili, watu walicheka wapi, na kwa nini hapo? Kisha tazameni kama hapo pangalipo na kama bado panachekesha. Yakiwapo, mfasiri amelipa deni lake hata kama hakubakiza neno moja. Yasipokuwapo, basi maneno yote aliyoyahifadhi ni boksi lililofungwa vizuri, lililokaa nyumbani siku nzima, na ndani yake hamna chepeo.